Mkataba wa Kahawa na Chungu cha Bukoba

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi ya mwaka huu limezuka shauri ambalo Halmashauri yenu haiwezi kulinyamazia. Baadhi ya wenzetu wamesema kwamba, maadam karafuu ndiyo iletayo fedha, yafaa kila mwenye shamba akate migomba yake, ang'oe mihogo na majimbi, na auangushe hata mshelisheli ulio ubavuni mwa nyumba, ili nafasi yote ipandwe miche ya mikarafuu. Hoja yao ni nyepesi kuielewa: mchele u dukani, na mwenye fedha hafi njaa. Wengine wamelipinga shauri hilo kwa nguvu, na katika tawi moja maneno yalikuwa makali hata mwenyekiti ikambidi aufunge mkutano kabla ya wakati. Sasa jambo lenyewe litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila mwanachama atapiga kura yake.

Kabla ya siku hiyo twaona ni wajibu wetu kuwaletea khabari za wakulima wenzetu walio mbali na bahari, lakini ambao mambo yao yafanana sana na yetu. Nao ni wakulima wa kahawa wa Bukoba na Muleba, katika Mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Sisi tuliotumwa na Halmashauri tulikwenda huko, tukatembea mashambani mwao na tukala chakula chao. Tulikwenda kutazama kilimo. Tuliyoyakuta yakatupeleka jikoni.

Neno letu kuu twalitaja mapema ili msomaji asilipoteze njiani. Mikataba ya biashara inayotiwa saini katika miji ya mbali huingia mpaka ndani ya chungu cha mkulima. Mkataba ukisimama vizuri, mtoto hupata samaki na maziwa. Ukivunjika, hubaki na ndizi tupu. Na shamba la chakula, lijapokuwa zuri, humwokoa mtu na njaa, walakini shibe peke yake si afya.

KIBANJA NA RWEYA

Mkoa wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi mpaka mwaka 1979, na Muleba ya leo ilikuwa zamani sehemu ya wilaya ya Bukoba. Wenyeji wengi wa huko ni Wahaya. Shamba la Mhaya huitwa kibanja, nalo huizunguka nyumba yake kama mkeka uuzungukavyo mto wa kulalia. Juu kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna maharage. Udongo wa huko hunyeshewa sana na mvua, na rutuba yake huoshwa upesi. Kwa hivyo wazee wao waliulisha udongo kwa samadi ya ng'ombe na kwa majani waliyoyakata katika mbuga za nyasi zilizo nje ya vijiji. Mbuga hizo huitwa rweya. Huko rweya wanawake walikuwa na desturi ya kulima vijishamba vya njugu mawe na mazao mengine ya msimu, na mavuno yake yalikuwa mali ya mama wa nyumba kwa matumizi ya jikoni.

Mtu wa kisiwani akiingia katika kibanja huona mara moja kwamba yuko kwa ndugu zake. Kwetu mkarafuu husimama pamoja na mnazi, mgomba na muhogo. Kwao mbuni husimama pamoja na mgomba na maharage. Sisi twala wali, nao hula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na mwezi wa Novemba hufurahia senene kama sisi tufurahiavyo samaki wa msimu. Hata kahawa yenyewe ilikuwa kwao jambo la heshima kabla ya kuwa jambo la fedha. Zamani za wafalme wao, kabla Wazungu hawajafika, buni zilichemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa, na mgeni alipokuja alipewa azitafune. Sisi mgeni humpa kikombe cha kahawa chungu. Wao humpa buni mkononi. Ukarimu ni ule ule.

Fedha zilikuja baadaye. Wakati wa Wajerumani, na khasa wakati wa Waingereza, kahawa ikawa zao la kuuza, na Bukoba ikawa wilaya yenye fedha. Fedha zikaleta na magomvi. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walisimama kuzipinga amri za serikali ya kikoloni juu ya utunzaji wa mibuni. Mwaka huo huo kisiwani kwetu ulikuwa mwaka wa ule mgomo mkubwa wa karafuu. Mwaka 1950 wakulima wa Bukoba walipata chama chao kikuu cha ushirika. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1976, serikali ilipovivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini; kikarudi katika miaka ya 1980, na leo kinajulikana kwa jina la KCU.

MKATABA WA MWAKA 1962

Sasa tuingie katika habari ya mkataba. Kahawa ina ugonjwa mmoja ambao sisi wa karafuu twaujua vizuri: bei yake haitulii. Brazil ikipigwa na baridi ya sakitu, bei hupanda duniani kote. Brazil ikivuna sana, bei huanguka duniani kote. Mti nao hauwezi kungoja wala kukimbia. Aliyeupanda wakati wa bei nzuri huanza kuvuna baada ya miaka kadhaa, pengine wakati bei imekwisha kuanguka.

Mwaka 1962, katika mkutano ulioitishwa na Umoja wa Mataifa mjini New York, nchi ziuzazo kahawa na nchi ziinunuazo zilifanya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, na mwaka uliofuata shirika la kuusimamia likafunguliwa London. Kanuni yake ilikuwa hivi. Kila nchi yenye kuuza ilipewa mgao wake, yaani kiasi isichoruhusiwa kukipita. Bei ikishuka, migao ilipunguzwa ili kahawa iwe chache sokoni. Bei ikipanda, migao ililegezwa. Nchi zilizonunua zilikubali kuikataa kahawa isiyokuwa na hati ya mgao. Kwa njia hiyo bei ilishikwa isianguke mpaka chini.

Hapa yafaa tujiulize: mnunuzi gani hukubali kwa hiari yake kununua kwa bei ya juu? Jibu ni siasa. Baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, serikali ya Marekani, wakati wa Rais Kennedy, iliogopa kwamba wakulima wa Amerika ya Kusini na ya Kati wakifukarika wataingia katika ukomunisti. Kwa hivyo ikaona ni afadhali kuilipia kahawa zaidi kidogo kuliko kuwapoteza marafiki. Mkulima wa Kamachumu au wa Kanyigo, ambaye hakuwa na ugomvi na Mmarekani wala Mrusi, akapata sehemu yake ya baraka hiyo bila ya kuiomba.

Hatusemi kwamba fedha zote zilimfikia. Kati ya bei ya London na mkono wa mkulima palikuwa na bodi, kodi, ushuru na gharama nyingi, na wazee wa huko bado wananung'unika juu ya malipo yaliyochelewa. Lakini bei ilikuwa na sakafu. Mtu aliweza kukisia mwaka huu kile atakachokipata mwaka ujao, na kukisia huko ndiko kunakomwezesha kununua bati, kulipa ada ya skuli, na kuweka nyumbani chupa ya mafuta na kipande cha nyama.

MWAKA 1989

Mkataba ulitengenezwa upya mara kadhaa, mpaka mwaka 1989 ukashindikana. Wanywaji wa kahawa walikuwa wanataka zaidi kahawa laini ya Amerika ya Kati, na Marekani ikadai nchi hizo ziongezewe mgao. Brazil haikukubali mgao wake upunguzwe. Tena palikuwa na malalamiko kwamba kahawa iliyozidi migao ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya chini kwa nchi zisizokuwamo katika mkataba. Na ile khofu ya ukomunisti, iliyouzaa mkataba wenyewe, ilikuwa imekwisha kufifia. Mwanzoni mwa Julai 1989 migao ikasimamishwa, na mpaka leo haijarudi. Mikataba iliyofuata, ya mwaka 1994, 2001 na 2007, ilikuwa ya kukusanya takwimu na kushauriana. Haikuwa na nguvu ya kushika bei.

Tazameni hesabu. Mwaka 1988 bei ya wastani ya kahawa duniani ilikuwa karibu senti 116 za Kimarekani kwa ratili moja. Mwaka 1992 ilikuwa karibu senti 53. Sakitu ya Brazil ya mwaka 1994 iliinyanyua kwa muda, lakini kufika mwaka 2001 ilikuwa karibu senti 46 tu. Na kahawa ya robusta, ambayo ndiyo nyingi katika Bukoba na Muleba, ilikuwa chini ya hapo. Hakuna mkulima hata mmoja wa Muleba aliyekuwamo katika chumba cha London siku ile. Wahenga wamesema, wapiganapo mafahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Haki yatutaka tuseme kwamba mkataba haukuwa mkosaji peke yake. Miaka ile ile ilikuwa miaka ya misiba mingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983, na maradhi hayo yalichukua baba na mama wengi, yakawaachia vibanja wazee na mayatima. Ng'ombe walipungua, na samadi ikapungua. Fukusi na minyoo wakaivamia migomba. Baadaye ukaja mnyauko wa mibuni, na khalafu mnyauko wa migomba. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia katika biashara ya kahawa, wengine wakiwa watu wema na wengine si wema. Lakini mtu mwenye bei nzuri mkononi huweza kupigana na fukusi. Asiyekuwa na kitu huwaachia wafanye watakavyo.

CHUNGU KILIVYOBADILIKA

Tuliwauliza akina mama wa Nshamba na wa Kamachumu: bei ya kahawa ilipoanguka, nini kilitoka kwanza katika chungu? Jibu lao lilikuwa moja, kana kwamba wameshauriana. Kwanza ilitoka nyama. Khalafu wakatoka samaki wakubwa. Khalafu yakapungua mafuta na sukari. Maharage yalibaki, lakini machache, kwa sababu nayo yaliuzwa ili ipatikane ada ya skuli. Ndizi hazikutoka. Walakini hata ndizi, mikungu mizuri ilipelekwa barabarani kumngoja mwenye gari, na ile midogo ndiyo iliyopikwa nyumbani.

Basi watu hawakufa njaa, na kwa hilo kibanja chastahili kushukuriwa. Wangalikuwa wamekata migomba yote wakapanda kahawa tupu, kama baadhi yetu wanavyotaka kufanya na karafuu, mwaka 1992 na mwaka 2001 ingalikuwa miaka ya kilio. Lakini ndizi ni chakula cha kutia nguvu. Si chakula cha kujenga mwili. Ina wanga mwingi, na protini yake, mafuta yake na madini yake ya chuma ni kidogo. Mtu mzima hushiba nayo akalima. Mtoto wa mwaka mmoja hushiba nayo akanyamaza, na mama akadhani ameshalishwa, kumbe mwili wake wangojea maharage, dagaa, yai, maziwa na mboga za majani. Tumbo lake dogo limekwisha jaa kabla ya hivyo kufika.

Serikali hupima watoto nchini kila baada ya miaka michache. Katika kipimo cha mwaka 2015 na 2016, watoto zaidi ya 4 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano mkoani Kagera walionekana wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Katika kipimo cha mwaka 2022 hali ilikuwa imetengenea kiasi, lakini bado ni kama mtoto 1 katika kila 3. Na huo ni mkoa wa kijani, wenye mvua, wenye ziwa, ambao mgeni akiupita kwa gari hawezi kuamini kwamba kuna upungufu wa kitu chochote.

Kudumaa si ufupi tu. Watafiti wa Tanzania na wa Benki ya Dunia walizitembelea nyumba zaidi ya 900 za Kagera kati ya mwaka 1991 na 1994, wakawatafuta tena watu wale wale mwaka 2004 na mwaka 2010. Waliona kwamba watoto waliodumaa wakiwa wadogo walikuja kusoma miaka michache kuliko wenzao. Kwa hivyo bei iliyoanguka mwaka 1992 haikwisha mwaka 1992. Iliingia darasani, na leo i katika kibarua cha mtu mzima.

Kuna jambo jingine walilotuambia akina mama, na twalisema bila ya kumkusudia mtu. Fedha za kahawa aghlabu huingia mkononi mwa baba, na kazi ya kutafuta kitoweo ni ya mama. Zile mbuga za rweya, walikokuwa wakilima njugu mawe zao, nyingi sasa zimepandwa miti ya mbao au zimekwisha gawiwa watu. Kwa hivyo mama amepoteza shamba lake la kitoweo, na ile fedha iliyopaswa kuziba pengo haipitii kwake. Bei ikipanda bila ya jambo hili kurekebishwa, huongezeka pikipiki kabla ya kuongezeka mayai.

Tena kuna desturi mbaya iitwayo butura. Mwenye shida humwendea mwenye fedha akamuuzia kahawa ingali maua mtini, kwa bei ndogo sana, apate cha kununulia chakula au dawa. Siku ya mavuno kahawa si yake tena. Serikali imeikataza mara nyingi, lakini amri haimtoi mtu katika njaa. Wanachama hawana haja ya kuelezwa zaidi, kwa kuwa hata kwetu wapo wauzao karafuu ingali juu ya mti, na sisi sote twajua ni nani anayefaidi.

SAMAKI ALIYEKWENDA ULAYA

Kahawa ilikuwa fedha ya kununulia kitoweo. Sasa tutazame kitoweo chenyewe, maana nacho kilikuwa na mikataba yake. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria, na kufika miaka ya 1990 minofu yake ilikuwa ikipelekwa Ulaya kwa ndege. Viwanda vya samaki vilijengwa pande zote za ziwa, Bukoba ikiwamo, na wavuvi wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, wakapata soko la fedha taslimu. Mnofu ukasafiri, vichwa na mifupa, ambavyo Mwanza huitwa mapanki, vikabaki kwa wenyeji.

Mwaka 1995 Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi, na pamoja nalo ukaja mkataba juu ya usalama wa chakula. Mkataba huo wasema kwamba nchi yaweza kukizuia chakula cha nchi nyingine kwa ajili ya afya ya watu wake, lakini sharti iwe na ushahidi wa kitaalamu. Kipindupindu kilipotokea Afrika ya Mashariki, Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba khatari ya maradhi hayo kupitia samaki hao ilikuwa ndogo mno, na Tanzania ikalipeleka lalamiko lake Geneva mwaka 1998. Kizuizi kikaondolewa baada ya miezi kadhaa. Mwaka 1999 kikaja kingine, mara hii kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu, na hapo kosa lilikuwa letu wenyewe.

Kila kizuizi kilipokuja, bei ya sangara mwaloni ilianguka. Jirani wa mwalo aliweza kumnunua kwa rahisi, lakini mvuvi hakuwa na cha kununulia unga. Kizuizi kilipoondoka, mvuvi alipata fedha, na samaki akampita jirani yake akaenda kiwandani. Hivyo ndivyo sheria moja iliyoandikwa kwa ajili ya afya ya mlaji wa Ulaya inavyoweza kubadili sahani mbili za Muleba kwa siku moja, moja ikijaa na nyingine ikipungua, wala hakuna aliyeziuliza.

Aliyebaki kuwa samaki wa maskini ni dagaa. Huyo ni hazina: hukaushwa juani, huliwa pamoja na mifupa yake, na kijiko kimoja cha unga wake katika uji wa mtoto ni kitu kikubwa. Lakini sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hilo sasa husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo, na mama wa kijijini hushindana sokoni na mwenye kiwanda.

NA SISI WA KARAFUU?

Karafuu haikupata kuwa na mkataba kama ule wa kahawa. Lakini haina maana kwamba sisi tuko nje ya siasa za biashara. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu cha wakati ule haki ya pekee ya kununua zao hili, wafanya biashara wa Kihindi waligoma, na India ikaisusia karafuu yetu mpaka mapatano yalipofanywa mwaka 1938. Katika miaka ya 1970 mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za karafuu. Indonesia ikapanda mikarafuu yake, ikajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ikaanguka vibaya. Wazee waliomo katika chama hiki wanaikumbuka miaka hiyo. Wengine waliacha hata kuchuma.

Na upande wa chakula tumefungwa zaidi kuliko Mhaya. Yeye bei ikianguka hurudi kwenye mgomba wake. Sisi chakula chetu kikuu ni mchele, na mchele mwingi tunaokula hutoka nje ya visiwa hivi. Julai 2023 serikali ya India, ambayo ni muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, ilikataza kuuza nje mchele mweupe usiokuwa wa basmati ili watu wake wapate kwa bei nafuu, na amri hiyo haikuondolewa mpaka Septemba 2024. India haikufanya kosa. Ililinda sahani za watu wake. Lakini mwenye kutegemea sahani ya jirani sharti ajue kwamba jirani naye ana watoto.

Wenye shauri la kukata migomba watasema kwamba leo bei ni nzuri. Hata Kagera bei ya robusta ilipanda sana mwaka 2024, ikafika duniani mahali ambapo haikupata kufika. Walakini tayari kuna sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2023, itakayo kwamba kahawa isitoke katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya mwaka 2020, na kila shamba lijulikane mahali lilipo kwenye ramani. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini vyama vya ushirika vinahangaika kujiandaa. Karafuu haimo katika sheria hiyo. Hakuna aliyetuahidi kwamba haitakuwamo katika nyingine.

Bukoba wametufundisha pia namna ya kujisaidia. KCU kwa miaka mingi imeuza sehemu ya kahawa yake kwa wanunuzi wa biashara ya haki, wanaokubali bei isiyoshuka chini ya kiwango na kuongeza fungu la maendeleo. Kwa fedha za namna hiyo wakulima walinunua hisa katika TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga kilichopo Bukoba, ili wauze kitu kilichokwisha tengenezwa badala ya kuuza ghafi tu. Ni sehemu ndogo ya zao lao, lakini ni mkataba ambao walikuwamo chumbani ulipofanywa.

SHAURI LA HALMASHAURI

Kwa hivyo, Ndugu Wanachama, Halmashauri italeta mbele ya Mkutano Mkuu mambo haya manne, nanyi mtakuwa na haki ya kuyakubali au kuyakataa.

Kwanza, mwanachama yeyote asipewe miche ya mikarafuu kupitia chama hiki kwa ajili ya kupandwa mahali penye mishelisheli, migomba, mihogo au majimbi yanayozaa. Miche ipandwe katika mapengo ya mikarafuu iliyokufa, ambayo si machache.

Pili, kila tawi liwe na kisanduku cha akiba, kila mtu atoe kidogo siku ya kuuza, ili mwenye shida amwendee mwenziwe kabla ya kumwendea mnunuzi wa karafuu iliyo mtini.

Tatu, katika kila nyumba fungu la fedha za karafuu litengwe kwa ajili ya kitoweo, nalo likae kwa mama wa nyumba. Mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili asihesabu vibaba vya mchele tu. Ahesabu pia dagaa, kunde, mayai na mchicha. Mambo haya hayahitaji saini ya mtu wa Geneva.

Nne, chama kiiandikie Wizara kwamba, kila yanapofanywa mazungumzo ya biashara yanayogusa karafuu au mchele, wakulima waitwe wasikilizwe kabla ya saini, si baada yake.

Mikataba itaendelea kufanywa na kuvunjwa, kwa sababu wakubwa wana haja zao na haja zao hubadilika. Hatuna uwezo wa kuizuia. Lakini mgomba ulio nyuma ya nyumba haukutiwa saini na mtu yeyote ila yule aliyeupanda, na hakuna wa kuuvunja mkataba wake ila mwenye shoka. Tunawaomba mfike Mkutanoni kwa wingi, mabwana na mabibi, na kila mmoja awe amekwisha hesabu, kabla ya kutoka kwake, vitu vilivyomo katika chungu chake na vile alivyovinunua.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama